Mama ana uzito uliozidi, mtoto amedumaa, na wote wanakula chungu kimoja: tuwashauri nini?

Mhudumu_Temeke (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo nakutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya kutembelea kaya kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dar es Salaam.

Ninaingia katika nyumba moja na kumkuta mama ambaye uzito wake umepita kiasi kwa mbali, ambaye shinikizo lake la damu lilianza kupanda katika ujauzito uliopita na halijashuka tena, na pembeni yake yupo mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa ambaye ukimpima urefu unagundua kwamba amedumaa. Hakuna anayelala na njaa katika nyumba hiyo. Chakula kinapikwa kila siku, na wote wawili wanakula kutoka chungu kimoja.

Hali hii si ya nyumba moja wala mtaa mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba asilimia 36 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliokithiri. Katika utafiti wa 2015/16 viwango hivyo vilikuwa asilimia 34 kwa udumavu na asilimia 28 kwa uzito uliozidi. Udumavu unashuka polepole, na unene unapanda kwa kasi kuliko udumavu unavyoshuka.

Kinachonitatiza ni kwamba tulifundishwa mambo haya kwa nyakati tofauti na na watu tofauti. Mafunzo ya lishe ya mtoto yanahimiza kuongeza: ongeza idadi ya milo, ongeza mafuta kwenye uji, ongeza chakula. Mafunzo ya magonjwa yasiyoambukiza yanahimiza kupunguza: punguza mafuta, punguza sukari, punguza wanga. Mimi nasimama mbele ya mama mmoja, kwenye jiko moja, nikiwa na maneno yote mawili mdomoni. Je, ni nini hasa kinachofanya chakula kilekile kimnenepeshe mmoja na kumdumaza mwingine? Na nikiwa na dakika chache tu za kuzungumza na mama huyo, nianze na lipi?

---

Afisa_Lishe_Nyanda

Ndugu Mhudumu, umeuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa katika kila kikao cha kamati ya lishe cha halmashauri. Nitajibu kwa kuanzia huku Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu nadhani huku ndiko jibu linapoonekana wazi zaidi.

Katika utafiti huohuo wa 2022, mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa kwa asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa ambako karibu nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Kila Mtanzania anafahamu kwamba mikoa hii ndiyo inayolisha nchi mahindi. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Kwa hiyo lazima tuachane na dhana kwamba udumavu ni upungufu wa chakula kwa maana ya wingi wake. Tatizo ni kilichomo ndani ya chakula hicho, na tatizo hilo ndilo linalomnenepesha mama wa Temeke.

Sembe iliyokobolewa ni wanga karibu mtupu, kwa sababu kiini na ganda la punje vimeondolewa pamoja na sehemu kubwa ya madini chuma, zinki na vitamini za kundi B. Mtu mzima anayekula ugali wa sembe mwingi na mchuzi kidogo, na asubuhi chai yenye sukari kwa maandazi, anapata nishati ya kumtosha na kuzidi, nayo hugeuka mafuta mwilini. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Hawezi kula ugali mwingi kiasi cha kufidia uhaba wa virutubishi, na urefu wake haujengwi na wanga peke yake; unahitaji protini bora, zinki na virutubishi vingine ambavyo kwa mtoto mdogo hupatikana kwa urahisi zaidi katika maziwa, mayai, dagaa, nyama na maini. Anaposhibishwa uji mweupe, njaa inatulia lakini mifupa haipati kitu. Ongeza hapo kuhara na minyoo, maradhi yanayomnyang'anya hata kile kidogo alichokula, na utaona kwa nini udumavu hujengeka kimyakimya kati ya miezi sita na miaka miwili.

Ipo pia sura ya tatu ambayo hukuitaja. Zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi nchini wana upungufu wa damu, na mnene hakosekani kati yao. Mpime huyo mama yako wingi wa damu kabla hujamhesabu kuwa mtu aliyelishwa kupita kiasi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba naye ana utapiamlo wa upungufu ndani ya mwili mkubwa.

Nina neno moja zaidi, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu nalisikia kinyume chake kila mara mikutanoni. Viongozi wengi hupenda kusema kwamba akina mama wa huku hawajui kulisha watoto. Msimu wa kilimo mama huondoka alfajiri na kurudi jioni, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane, na uji uliopikwa asubuhi ndio unaonyweka mchana kutwa. Mayai na maziwa yanauzwa ili kupata fedha za mbolea na ada. Mama huyo anajua vizuri kwamba yai ni chakula cha mtoto. Asichokuwa nacho ni muda, wala sauti ya kuamua yai lipi liuzwe na lipi libaki.

---

Muuguzi_Kliniki_ya_Kisukari

Nakubaliana na Afisa Lishe, ila ningependa kuongeza kipengele cha wakati, kwa sababu mimi hukutana na watu hawa miaka thelathini au arobaini baadaye.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali kutokana na vita. Miaka kumi na tisa baadaye, vijana wa kiume waliopimwa kwa ajili ya jeshi walichunguzwa, na ikaonekana kwamba wale ambao mama zao walipata njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha unene. Katika miaka ya 1980, daktari Mwingereza David Barker alionyesha kwamba maeneo ya Uingereza ambako watoto wachanga wengi walikufa mwanzoni mwa karne ndiyo yaliyokuwa na vifo vingi vya magonjwa ya moyo miongo kadhaa baadaye, na kazi zake zilizofuata ziliunganisha uzito mdogo wa kuzaliwa na magonjwa ya moyo na kisukari ukubwani. Kwa ufupi, mwili unaojengwa katika uhaba hujipanga kutunza kila kidogo unachopata. Ukija kuishi mahali penye mafuta na sukari ya bei nafuu, mpangilio huo unakuwa hatari kwake.

Sasa mtazame tena mama unayemtembelea. Inawezekana alizaliwa kijijini akiwa na uzito mdogo, akadumaa kabla ya kutimiza miaka miwili, akahamia mjini akiwa binti, akaacha jembe na kutembea kwa miguu, akaanza kula chipsi na kunywa soda. Mama huyu na mtoto wake wanaweza kuwa hadithi moja inayosimuliwa katika nyakati mbili. Tusipobadilisha kitu, mtoto huyo wa kike aliyedumaa atakuja kliniki yangu akiwa mnene na mwenye kisukari, na huenda akawa amezaa mtoto mwenye uzito mdogo, kwa sababu mwanamke mfupi aliyedumaa utotoni yuko katika hatari zaidi ya kuzaa mtoto mdogo na kupata uzazi mgumu.

Kutokana na hayo, ninaogopa sana pale mtoto aliyedumaa anapolazimishwa kunenepa. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake hakui vizuri, mara nyingi huongeza sukari na mafuta kwenye uji, na humnunulia biskuti na juisi za boksi. Uzito unapanda, kila mtu anafurahi, na urefu unabaki palepale. Sisi watumishi tunachangia kosa hili, kwa kuwa mizani ipo karibu kila kliniki lakini ubao wa kupimia urefu ni adimu, au upo na hautumiki kwa sababu foleni ni ndefu. Mtoto mfupi mwenye uzito unaoonekana kutosha kwenye kadi hupita mbele yetu bila mtu yeyote kushtuka.

---

Mama_Lishe_Tandika

Shikamooni wakubwa wote mliotangulia. Mimi sina taaluma ya afya. Nimekuwa nikipika na kuuza chakula kwa miaka mingi, na naomba niwaeleze jinsi chakula kinavyochaguliwa kabla hakijafika kwenye sahani.

Mtu wa kipato cha kutwa hanunui virutubishi, ananunua shibe itakayomfikisha jioni. Mteja wangu wa kwanza alfajiri ni kijana wa ujenzi anayetaka chapati mbili na chai yenye sukari ya kutosha, na ukipunguza sukari anahamia kwa jirani. Mchana anataka ugali uwe mkubwa, na mboga iwe ya kusukumia tu. Ninapopanga bei, unga na mafuta ndivyo vinavyoniruhusu kuuza shibe hiyo kwa fedha aliyonayo. Nikiongeza samaki au matunda, bei inapanda na yeye hawezi kuifuata.

Jambo la pili, ambalo sijaona likitajwa na wataalamu, ni nishati ya kupikia. Maharage yana sifa zote nzuri mnazozisema, lakini yanachemka kwa saa nyingi, na mkaa sasa ni ghali kiasi kwamba familia inayonunua kwa kopo inahesabu kila jiko linalowashwa. Chipsi zinaiva haraka kwenye mafuta ya muuzaji, na mnunuzi hatumii mkaa wake hata kipande. Mama anayerudi saa moja usiku akitoka kwenye kibarua, akiwa na watoto watatu wanaolia, anapopita kwenye kibanda cha chipsi hafanyi uzembe. Anapiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa usiku ule.

Nimeona suluhisho moja dogo linalofanya kazi mtaani kwetu. Wapo wanawake wanaochemsha maharage kwa wingi kwenye masufuria makubwa na kuyauza yakiwa yameiva kwa kipimo, bila kuungwa. Mnunuzi anakwenda kuyaunga mwenyewe kwa kitunguu na nyanya, dakika chache tu, na mtoto anapondewa yake pembeni. Wanawake hao wanalisha mtaa kuliko semina nyingi nilizohudhuria, na sijaona mradi hata mmoja ukiwapa jiko bora au mtaji. Kama kuna mtu hapa mwenye uwezo wa kusikilizwa na halmashauri, naomba alipeleke hilo.

---

Mpwani_Mombasa

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kenya imefika mahali ambapo Tanzania inaelekea, kwa hivyo huenda takwimu zetu zikawafaa.

Kati ya utafiti wa kitaifa wa 2014 na ule wa 2022, udumavu kwa watoto wetu ulishuka kutoka asilimia 26 hadi 18, na hayo ni mafanikio ambayo yanastahili kushukuriwa. Katika kipindi hichohicho, wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walipanda kutoka asilimia 33 hadi 45. Wastani huo nao unaficha mengi. Kaunti ya Kilifi, ambayo ukitoka Mombasa kwa matatu unaifikia upesi, ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa udumavu mwaka 2022, asilimia 37. Watalii wanakula kamba na pweza kwenye hoteli za ufuo, na mtoto wa kijiji kilicho nyuma ya hoteli amedumaa.

Ninatofautiana kidogo na waliotangulia kwa sababu mjadala umekaa sana jikoni. Mama hakupanga bei ya sukari wala hakuruhusu matangazo ya soda kupakwa kwenye kuta za maduka yaliyo mbele ya shule. Meksiko ilianza kutoza kodi ya peso moja kwa lita ya vinywaji vyenye sukari Januari 2014, na ununuzi wake ukapungua, hasa kwa kaya maskini. Chile mwaka 2016 ilianza kulazimisha alama nyeusi kwenye pakiti za vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi. Afrika Kusini, ambako utafiti wa 2016 ulikuta asilimia 68 ya wanawake wana uzito uliozidi au kiribatumbo na asilimia 27 ya watoto wamedumaa, ilianza kodi yake mwaka 2018. Kwa upande mwingine kuna Misri, ambayo kwa miongo mingi imefidia bei ya mkate, sukari na mafuta ili maskini wasilale njaa. Njaa ilizuiwa kweli, lakini nchi hiyo ni miongoni mwa zile zenye kiribatumbo kingi zaidi kwa wanawake, na mwaka 2014 bado mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amedumaa. Serikali inayofidia vyakula vya kutia nishati mwilini pekee hupata nishati hiyo pekee. Ningetamani kuona ruzuku ikiwekwa kwenye maharage, mayai, maziwa na dagaa.

---

Afisa_Lishe_Nyanda

Ndugu yangu wa Mombasa, hoja yako ya ruzuku naiunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu kodi, naomba tusiitegemee kupita kiasi katika nchi zetu. Sehemu kubwa ya sukari wanayotumia watu wetu haiko kwenye chupa ya soda. Iko kwenye chai, maandazi, vitumbua na kashata, vitu vinavyotengenezwa nyumbani na barazani ambako alama ya pakiti haifiki. Kodi itasaidia miji, na itasaidia zaidi siku zijazo kuliko leo, kwa hiyo ianze sasa kabla mazoea hayajaota mizizi.

Naye Mama Lishe amenifundisha jambo. Suala la mkaa na maharage nitaliingiza kwenye taarifa yangu ya robo mwaka.

---

Mhudumu_Temeke (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Sasa naelewa kwamba sikuwa nikipeleka jumbe mbili zinazopingana, bali ujumbe mmoja uliokatwa vipande. Naomba ufafanuzi wa mwisho kutoka kwa Muuguzi: mama niliyemtaja bado ananyonyesha, na ameanza kuruka mlo wa usiku kwa sababu jirani alimwambia kwamba atapungua haraka. Je, nimwache aendelee?

---

Muuguzi_Kliniki_ya_Kisukari

Usimwache, dada. Mama anayenyonyesha hapaswi kujinyima milo, kwani anahitaji nishati na virutubishi zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya kupata mtoto, na akijinyima atachoka, upungufu wa damu utaongezeka, na kesho yake atakula maandazi mara mbili. Mwambie ale milo yake yote na abadilishe kilicho ndani yake: chai isiyo na sukari au yenye kidogo sana, maji badala ya soda, vitu vya kukaanga kwenye mafuta mengi viwe vya nadra, ugali upungue sahanini na ukiwezekana uwe wa dona, na nafasi iliyobaki ijazwe na maharage, matembele, mchicha au kisamvu. Aendelee kunyonyesha hadi mtoto atimize miaka miwili na zaidi, jambo ambalo linamfaa mtoto na linaweza kumsaidia yeye mwenyewe kupunguza uzito taratibu.

Kwa mtoto, atenge chakula kutoka chungu hichohicho kabla ya kukiongezea chumvi. Uji uwe mzito wa kushikika kwenye kijiko, usiwe wa kunywa, na kila siku uwepo walau mmoja wa hawa: yai, maziwa, au dagaa waliosafishwa na kusagwa. Dagaa ndio ambao nyumba nyingi unazotembelea zitamudu bei yao. Kijiko kimoja au viwili vya unga wao kwenye uji au kwenye maharage yaliyopondwa vinatosha kuanzia. Maparachichi na mapapai ya msimu yanasagika bila mkaa wowote.

Kisha mpe mama rufaa ya kupima sukari, wingi wa damu na shinikizo, na usikubali arudi na jibu la mizani peke yake kwa mtoto. Omba wampime urefu, uandike tarehe na kipimo kwenye kadi kwa mkono wako kama hawajaandika, na umpime tena baada ya miezi mitatu. Akiwa bado hajatimiza miaka miwili muda upo, ila ni mfupi, kwa hiyo ningeanza na nyumba hiyo wiki hii.